Mstari wa Masizi: Historia ya Picha ya Sauti na Nafasi Yake katika Uhakiki wa Fasihi Simulizi

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa fasihi simulizi anayefungua rekodi katika kompyuta siku hizi hapokewi na sauti. Hupokewa kwanza na picha: mstari mlalo wenye vilele na mabonde, mithili ya safu ya milima inayojiakisi katika maji yaliyotulia. Picha hiyo humjulisha mahali sauti ilipopanda, iliposhuka na ilipokoma. Kabla hajasikia neno hata moja la mtambaji, amekwisha kuona umbo la hadithi nzima, na mara nyingi amekwisha kuamua ni sehemu ipi ataisikiliza na ipi ataipita.

Makala haya yanachunguza asili ya picha hiyo na madai yaliyopata kutolewa kwa niaba yake. Hoja inayotetewa ni kwamba picha ya sauti ilibuniwa katika karne ya kumi na tisa ikiwa ni aina ya maandishi, yaani kitu cha kusomwa. Kwamba dai hilo lilishindwa kutimia. Na kwamba picha ndogo inayotangulia rekodi leo ni masalio ya dai hilo, iliyopunguziwa kazi hadi ikawa kielekezi tu cha jicho. Kielekezi si kitu cha kudharauliwa. Hata hivyo, hatari huzuka pale mhakiki anapokichukulia kielekezi kuwa ndiyo matini yenyewe. Ili kuonyesha hatari hiyo, makala yanafuata historia ya picha ya sauti tangu Paris ya 1857, kisha yanaijaribu picha hiyo mbele ya tanzu mbili zinazofahamika vyema kwa wanafunzi wa Kiswahili: shairi la arudhi na hadithi.

2.0 Mpiga Chapa Aliyetaka Ulimi Ujiandike

Édouard-Léon Scott de Martinville (1817–1879) hakuwa mwanafizikia kwa taaluma. Alikuwa mpiga chapa wa Paris, mtu wa herufi na prufu, na mnamo 1849 alikuwa amechapisha kitabu kuhusu historia ya hatimkato tangu zama za kale. Jambo hili lina uzito katika kuufahamu uvumbuzi wake. Hatimkato ni jitihada ya mkono kuufukuzia ulimi, na kila aliyewahi kuitumia anajua kwamba ulimi hushinda. Ikiwa mkono hauwezi kuufikia ulimi, basi kuna njia moja tu iliyosalia: kuuondoa mkono kabisa, na kuiacha sauti ijiandike yenyewe.

Fursa ilijitokeza alipokuwa akisahihisha prufu za kitabu cha fiziolojia kilichokuwa na maelezo ya sikio la binadamu. Wakati huo upigaji picha ulikuwa umekwisha kujulikana hadharani tangu 1839, na ulikuwa umethibitisha kwamba nuru inaweza kuacha alama yake bila ya mchoraji. Scott alijiuliza kwa nini sauti isiweze kufanya vivyo hivyo. Chombo alichokibuni, ambacho alikiita fonautografu, kiliiga sikio: pembe pana ya kupokea sauti, utando mwembamba wa kutetemeka mithili ya kiwambo cha sikio, na kwenye utando huo unywele mgumu wa nguruwe. Ncha ya unywele iligusa karatasi iliyopakwa masizi na kuzungushiwa kwenye pipa lililosukumwa kwa mkono. Mtu alipozungumza mbele ya pembe, unywele uliyaparuza masizi na kuacha mstari mweupe wa mawimbi. Scott aliwasilisha maelezo ya wazo lake mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa mnamo Januari 1857, na akapata hataza mwezi Machi mwaka huohuo.

Msomaji wa leo huuliza papo hapo: sauti hiyo ilisikikaje iliporudishwa? Swali hilo halikuwamo katika kazi ya Scott. Fonautografu haikuwa na njia yoyote ya kuirudisha sauti, na wala haikukusudiwa kuwa nayo. Karatasi ya masizi ilikuwa ya kusomwa. Scott alitumaini kwamba wataalamu wangejifunza kuutambua mstari kama wanavyozitambua herufi, na kwamba usemaji wa waigizaji mashuhuri, ambao hadi hapo ulikuwa ukifa pamoja na wenyewe, ungehifadhiwa kwa vizazi vijavyo. Si ajabu basi kwamba miongoni mwa majaribio yake ya 1860 yamo pia maneno ya mwanzo ya tamthilia ya Aminta ya Torquato Tasso. Tangu mwanzo, picha ya sauti ilikuwa na haja na fasihi.

Thomas Edison alipotangaza fonografu yake mnamo 1877, chombo ambacho kiliweza kunakili sauti na kuirudisha, ulimwengu ulimsahau mpiga chapa wa Paris. Mwaka uliofuata Scott alitoa kijitabu cha kujitetea. Lalamiko lake lina mantiki inayomshangaza msomaji wa sasa: kwa maoni yake Edison alikuwa amelikosa lengo, kwani la maana lilikuwa ni kuiandika sauti, na kuirudisha lilikuwa ni jambo jingine. Alikufa mwaka 1879.

Je, mstari wake ulisomeka? Haukusomeka. Vokali ileile ikitamkwa na watu wawili, au na mtu mmoja mara mbili, huacha mistari isiyolingana. Herufi ni mapatano ya jamii. Hupuuza tofauti nyingi ili ihifadhi chache zenye maana. Mstari wa masizi haukupuuza chochote ambacho unywele uliweza kukifuata, na kwa sababu hiyohiyo haukumwonyesha msomaji kipi kina maana na kipi hakina. Kwa istilahi za isimu, ulikuwa ni rekodi ya fonetiki isiyokuwa na fonolojia.

3.0 Kosa la Usomaji: 2008 na 2009

Karatasi za Scott zilikaa katika hifadhi za Paris kwa takriban karne moja na nusu. Mnamo 2008 kikundi cha watafiti wa Kimarekani kiitwacho First Sounds, wakiwamo David Giovannoni na Patrick Feaster, kwa ushirikiano na wanasayansi wa Lawrence Berkeley National Laboratory, kiliutumia mstari wa karatasi moja ya tarehe 9 Aprili 1860 kama data na kuubadilisha kuwa sauti kwa kompyuta. Kilichosikika ni sekunde chache za wimbo maarufu wa Kifaransa, Au clair de la lune. Ilikuwa ni sauti ya binadamu ya zamani kuliko zote zilizokuwa zimepata kurudishwa, na ilitangulia fonografu ya Edison kwa miaka 17. Waliosikia waliamini kwamba mwimbaji ni msichana au mwanamke.

Mwaka 2009 watafiti haohao waligundua kwamba walikuwa wamekosea. Ili kuudhibiti mwendo wa pipa lililozungushwa kwa mkono usio na mwendo sawa, Scott alichora kando ya mstari wa wimbo mstari wa pili, wa uma wa sauti, ambao mitetemo yake haibadiliki. Mstari huo wa pili ndio uliokuwa kipimo cha wakati. Uma huo ulihesabiwa kuwa na mitetemo 500 kwa sekunde. Lakini kwa desturi ya Wafaransa wa zama hizo, kwenda ni mtetemo mmoja na kurudi ni mtetemo mwingine. Kwa hesabu ya leo, ambayo kwenda na kurudi ni mtetemo mmoja, uma ule ulikuwa na mitetemo 250 tu. Wimbo ulikuwa umepigwa kwa kasi maradufu. Uliporekebishwa, msichana alitoweka. Mahali pake palikuwa na mwanamume aliyeimba polepole, na inaaminika kwamba mwanamume huyo ni Scott mwenyewe.

Tukio hili linastahili kuzingatiwa na wahakiki zaidi kuliko linavyozingatiwa. Mstari haukubadilika hata kidogo baina ya 2008 na 2009. Kilichobadilika ni maana ya neno moja katika maelezo ya kipimo. Kwa kukosa kulielewa neno hilo, wasomaji waangalifu kabisa walibadilisha jinsia, umri na hisia ya mwimbaji. Aidha, isingekuwa maandishi ya mkono yaliyoambatana na karatasi zile, yakitaja wimbo na tarehe, kazi ya kuutambua mstari ingekuwa ngumu mara nyingi zaidi. Picha iliyobuniwa ili iyaondoe maandishi ya mkono iliokolewa na maandishi ya mkono. Rekodi za Scott ziliingizwa katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO mnamo 2015.

4.0 Kutoka Maabara hadi Kaseti

Baada ya Scott, picha ya sauti ilifuata njia mbili. Njia ya kwanza ni ya maabara. Mnamo 1874 Alexander Graham Bell, akisaidiwa na daktari Clarence Blake, alitengeneza fonautografu iliyotumia sikio halisi la maiti, akinuia kuwasaidia viziwi waione sauti wasiyoweza kuisikia. Wanafonetiki wa Ulaya nao walikitumia kimografu, chombo cha pipa na masizi kilichovumbuliwa na Carl Ludwig mnamo 1847 kwa ajili ya kupima msukumo wa damu, wakakigeuza kuwa cha kupima pumzi na mitetemo ya koo.

Ni kwa njia hii lugha za Afrika zilipoingia katika historia ya picha ya sauti. Carl Meinhof alihamia Hamburg mnamo 1909 kufundisha katika Taasisi ya Kikoloni, na mwaka uliofuata maabara ya fonetiki ikaanzishwa huko chini ya Giulio Panconcelli-Calzia. Miongoni mwa waliofundisha Kiswahili katika taasisi hiyo miaka hiyo alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyetoka eneo la Bagamoyo, ambaye maelezo yake yalikuwa nguzo ya kitabu Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa mnamo 1903. Tofauti ya kumbukumbu hizi mbili ni bayana. Katika kitabu, msemaji wa Kiswahili anaeleza: anachagua, anapanga na anatoa sababu za mambo. Katika mstari wa kimografu, msemaji ni koo na pumzi. Mstari waweza kuwa sahihi kabisa kuhusu mitetemo na bado usiwe na nafasi ya kuandika ni nani aliyekuwa akisema, na alisema nini.

Njia hii ya maabara ilifikia kilele chake nchini Marekani katika miaka ya 1940, wahandisi wa Bell Laboratories walipounda mtambo wa kuchora spektrogramu. Tofauti na mstari wa Scott, ambao unaonyesha nguvu ya sauti tu kadiri muda unavyopita, spektrogramu huitenga sauti katika ngazi zake za juu na za chini, hivyo kwamba kila vokali huonekana na mikanda yake. Kitabu cha Potter, Kopp na Green kilichotolewa mnamo 1947 kilifufua tumaini la kale la kuisoma sauti kwa jicho. Wanafunzi waliofunzwa kwa subira waliweza kutambua maneno, lakini spektrogramu haikuwa maandishi ya watu wote. Ilibaki kuwa chombo cha wanaisimu.

Njia ya pili ni ya santuri na filamu. Mifereji ya santuri ni mstari wa sauti unaoonekana kwa macho: mahali penye kishindo na mahali pa utulivu huwa na mng'ao tofauti, na wapigaji santuri wa baadaye walijifunza kuutazama mng'ao huo ili waweke sindano mahali walipopataka. Washairi na wanafalsafa waliuona mstari huu na kuutafakari. Rainer Maria Rilke, katika insha yake ya mwaka 1919, aliwaza ni sauti gani ingesikika kama sindano ya fonografu ingepitishwa kwenye mshono wa fuvu la kichwa, mstari ambao haukupata kuandikwa na sauti yoyote. Theodor Adorno naye, mnamo 1934, aliijadili santuri kama aina ya maandishi. Katika Ujerumani ya mwanzo wa miaka ya 1930, Rudolf Pfenninger na Oskar Fischinger walichora kwa mkono maumbo kwenye ukanda wa sauti wa filamu, na mashine ikayasoma kama muziki. Hapa ndipo mstari ulipopata msomaji wake wa kweli, naye hakuwa mwanadamu.

Afrika Mashariki iliipokea santuri pamoja na masharti yake. Siti binti Saad aliporekodi nyimbo za taarab huko Bombay mnamo 1928, upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulibeba takriban dakika tatu tu, na wimbo ulilazimika kutoshea humo. Mnunuzi wa Unguja au Mombasa hakuisoma mifereji. Aliisoma karatasi ya katikati, yenye majina. Karatasi hiyo ya duara ndiyo iliyokuwa picha ya awali ya rekodi kwa maana kamili ya neno: ilimwambia mtu atamsikia nani kabla hajamsikia.

Kisha ukaja utepe wa sumaku, na picha ikatoweka. Utepe ni ukanda wa kahawia usioonyesha lolote. Jambo hili linahusu moja kwa moja historia ya taaluma ya fasihi simulizi nchini Kenya. Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa mnamo Oktoba 1968 pendekezo lao la kuivunja Idara ya Kiingereza huko Nairobi na kuiweka fasihi ya Kiafrika, ikiwamo fasihi simulizi, katikati ya masomo. Wakati huo kaseti ilikuwa imekwisha kuwapo kwa miaka mitano. Kizazi cha wanafunzi waliokwenda nyanjani baadaye kilikusanya hadithi, nyimbo na vitendawili kwa chombo kisichokuwa na picha yoyote. Kujua kilichomo katika kaseti kulidai kuisikiliza kaseti nzima, pamoja na jogoo wake, watoto wake na vimya vyake. Kilichotangulia sauti kilikuwa ni kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu: jina la mtambaji, kijiji, tarehe, utanzu.

5.0 Jinsi Picha Ndogo Inavyoundwa

Kompyuta iliirudisha picha. Chombo cha muziki cha Fairlight, kilichotoka Australia mnamo 1979, kilionyesha mawimbi ya sauti kwenye skrini. Na baada ya programu ya Audacity kutolewa mnamo 2000, bila malipo, mtu yeyote mwenye kompyuta aliweza kuiona na kuikata sauti kwa jicho. Mtandao wa SoundCloud, uliofunguliwa mnamo 2008, uliigeuza picha ya wimbi kuwa sura ya kila rekodi, na hifadhi nyingi zikafuata.

Uundaji wa picha hiyo ni rahisi, na urahisi wake ndio unaopaswa kueleweka. Sauti ya kidijitali ni mfululizo wa namba. Kwa kiwango kilichowekwa kwa ajili ya diski za CD, kila sekunde moja huwa na namba 44,100. Rekodi ya dakika tano basi ina namba 13,230,000 kwa kila mkondo wa sauti. Tuseme picha itakayotangulia rekodi hiyo ina upana wa nukta 600. Programu huzigawa namba katika mafungu 600, kila fungu likiwa na namba 22,050. Katika kila fungu hutafutwa namba kubwa kuliko zote na ndogo kuliko zote, na baina ya hizo mbili huchorwa mstari mmoja wa wima. Namba nyingine zote za fungu hutupwa. Mistari 600 ikisimamishwa bega kwa bega, safu ya milima hujitokeza. Programu nyingine huchukua wastani badala ya upeo, na hapo milima hupungua makali.

Mambo mawili yanafuatia. Kwanza, kila mstari wa wima katika mfano huu unawakilisha nusu sekunde nzima. Katika nusu sekunde msemaji wa Kiswahili aweza kutamka silabi mbili tatu. Kwa hiyo picha haioni silabi. Huona kishindo kikubwa kuliko vyote kilichotokea wakati silabi hizo zikipita. Pili, programu nyingi huikuza picha hadi kilele cha juu kabisa kiguse ukingo. Kwa namna hii, wimbo ulionong'onwa wa kumbembeleza mtoto na mlio wa ngoma za jando huweza kupewa milima ya kimo kilekile. Kipimo kimebadilishwa, na picha yenyewe haisemi kwamba kimebadilishwa. Ni kosa lilelile la uma wa Scott, ila sasa hurudiwa kila siku bila yeyote kulisahihisha.

6.0 Shairi na Hadithi mbele ya Picha

Tuseme shairi la tarbia, lenye mizani kumi na sita katika kila mshororo, nane za ukwapi na nane za utao, limeimbwa na kurekodiwa. Amri Abedi, katika kitabu chake cha 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi, aliyatilia mkazo mambo mawili ambayo sikio la Mswahili huyadai: mizani na vina. Picha ndogo inaonyesha nini katika hayo?

Mizani haionekani, kwa sababu iliyokwisha kutolewa: mstari wa picha ni mnene kuliko silabi. Vina havionekani pia. Mwimbaji anapolivuta neno la mwisho la mshororo, picha huonyesha bonge refu, lakini haionyeshi kama vokali iliyovutwa ni -a au -i. Mshairi aliyetimiza vina vyake beti ishirini, na mwingine aliyevivunja kila ubeti, wanaweza kuwa na picha zinazofanana. Spektrogramu ingeweza kutofautisha, kwani -a na -i zina mikanda tofauti. Lakini spektrogramu siyo inayotangulizwa mbele ya msikilizaji wa kawaida. Kinachoonekana katika picha ndogo ni vituo: pumzi mwishoni mwa mshororo, na kimya kirefu zaidi mwishoni mwa ubeti. Ubeti huonekana kama kisiwa. Kwa ufupi, picha humwonyesha mtazamaji mpangilio wa beti na kumficha ushairi wa beti hizo.

Hali hii si ngeni kabisa katika historia ya ushairi wa Kiswahili. Katika miswada ya tenzi ya hati za Kiarabu, vipande vinne vya ubeti viliandikwa aghalabu katika mstari mmoja, vikitengwa kwa alama ndogo. Matoleo mengi ya herufi za Kirumi yalivishusha vipande hivyo vikawa mistari minne. Jicho likapewa utenzi mwingine, ilhali sikio lilibaki na uleule. Mgogoro wa ushairi uliopamba moto baada ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi kutoka mnamo 1974 ulikuwa, kwa sehemu, mgogoro kuhusu ni kiungo kipi kinachostahili kuamua lililo shairi na lisilo shairi: jicho au sikio. Picha ya wimbi inaonekana kulipa sikio ushindi, kwa kuwa inatokana na sauti. Kwa hakika ni jicho lililopewa tena kiti cha mbele.

Hadithi hupata bahati njema kidogo. Mtambaji anaposema "Paukwa!" na hadhira ikajibu "Pakawa!", picha huonyesha kilele chembamba kikifuatwa na kilele kipana. Anayeijua desturi hiyo aweza kuitambua fomula ya ufunguzi hata kabla ya kusikiliza, na aweza kuhesabu mara ngapi hadhira iliingilia. Hili ni faida ya kweli kwa mtafiti wa utendaji. Lakini mvua ikinyesha juu ya paa la mabati wakati wa utambaji, picha yote hugeuka ukuta mmoja mnene. Kikohozi cha mzee hupata kilele kirefu kuliko neno ambalo hadithi nzima imelizunguka, ikiwa neno hilo lilinong'onwa.

Jambo zito zaidi ni kimya. Katika picha, kimya ni mstari mwembamba, yaani mahali pasipo kitu. Programu za kuhariri hutoa amri ya kuondoa vimya vyote kwa mara moja, na mhariri anayetaka kuokoa nafasi, au kumrahisishia msikilizaji, huitumia bila kusita. Lakini mtambaji anayenyamaza kabla ya zimwi kubisha hodi hajaacha kutamba. Kimya chake ndicho kinachowafanya watoto wasogeleane. Dennis Tedlock, aliyekusanya masimulizi ya Wazuni wa Marekani, aliliona jambo hili alipochapisha Finding the Center mnamo 1972: aliukata mstari wa matini kila mtambaji aliponyamaza, na akatumia herufi kubwa pale sauti ilipopaa. Ukurasa wake, kwa namna fulani, ni picha ya wimbi iliyochorwa na msikilizaji. Tofauti ni kwamba Tedlock alisikiliza kwanza kisha akachora. Picha ya kompyuta huchorwa kwanza, na huenda msikilizaji asifike kamwe.

7.0 Hitimisho

Historia iliyopitiwa inaonyesha kwamba picha ya sauti haijawahi kusema peke yake. Karatasi ya Scott ilihitaji mstari wa uma, na mstari wa uma ulihitaji maelezo ya maana ya mtetemo. Santuri ilihitaji karatasi ya majina. Kaseti, ambayo haikuwa na picha, iliishi kwa kijikaratasi chake. Picha ndogo ya siku hizi ndiyo ya kwanza kutangulizwa mbele ya wasomaji kana kwamba yatosha, kwa sababu tu inapendeza na huundwa kwa nukta moja ya muda.

Suala hili si la nadharia tupu. Kaseti zilizokusanywa tangu miaka ya 1970 zinachakaa, na zinapohamishiwa katika kompyuta, kila moja hupewa picha ya wimbi bila gharama, ilhali kunakili kijikaratasi kilichokuwa ndani ya kasha hudai mtu, macho na muda. Ni rahisi kubaki na picha na kukipoteza kijikaratasi. Hifadhi ikifanya hivyo itakuwa imerudi kwenye kimografu cha Hamburg: pumzi bila ya mwenye pumzi.

Kutokana na haya, wanaoandaa rekodi za fasihi simulizi wanapaswa kuzingatia mambo matatu. Kwanza, kila picha iambatane na kipimo chake: inaonyesha upeo au wastani, imekuzwa au haikukuzwa, na mstari mmoja ni sawa na muda gani. Pili, rekodi ya msingi isikatwe kwa kufuata picha. Vimya vibaki kama vilivyo, na nakala iliyofupishwa, ikihitajika, iandikwe wazi kuwa imefupishwa. Tatu, jina la mtambaji, mahali, tarehe na utanzu vitangulie picha, na wala visiachwe nyuma yake. Kwa mhakiki sharti ni moja tu, na ni lilelile lililomkabili mwanafunzi wa enzi ya kaseti: asikilize hadi mwisho kabla hajaandika.